Nguzo Ikipinda, Kila Mtu Hujua

Juu ya kilima cha Pincio, jijini Roma, kando ya kanisa la Trinità dei Monti, kuna nyumba iliyokuwa ya watawa wa shirika la Minimi. Ushoroba mmoja wa nyumba hiyo ulichorwa ukutani mwaka 1642 na Emmanuel Maignan, mtawa aliyekuwa pia mwanahisabati. Anayeutazama ukuta huo kwa ubavu, kutoka mwanzo wa ushoroba, humwona Mtakatifu Fransisko wa Paola, mwanzilishi wa shirika lao, amepiga magoti chini ya mti anasali. Akisogea hadi katikati na kuukabili ukuta, mtakatifu hayupo tena. Mikunjo ya joho lake imekuwa vilima na mabonde, na kati yake kuna ghuba ya bahari. Ukutani hakijabadilika kitu ila mahali aliposimama mtazamaji. Vitabu vingi huutaja mchoro huu kama mzaha wa wanahisabati, kisha hupita. Kwangu mimi umebeba jambo kubwa zaidi kuhusu uchoraji wa zama za Baroko, yaani Ulaya ya karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18. Maignan aliweza kuligeuza joho kuwa vilima kwa sababu hakuna mtu anayejua kilima kinapaswa kuwa na umbo gani. Lau angejaribu kumficha mtakatifu wake ndani ya safu ya nguzo, hila ingefichuka papo hapo, maana nguzo iliyovutwa kwa ubavu ni nguzo mbovu, na hata mtoto huiona.

Tunaposoma kuhusu michoro ya zama hizo, mara nyingi majengo na maumbile huwekwa kama mahasimu. Majengo husemwa kuwa upande wa akili, kanuni na mamlaka. Miti, maji na mawingu husemwa kuwa upande wa hisia na uhuru, au huhesabiwa kuwa mapambo tu ya kujazia nafasi. Sikubaliani na mgawanyo huo. Nionavyo, katika michoro hii jengo na maumbile viligawana kazi moja ya kumfanya mtazamaji aamini kwamba ubapa ulio mbele yake una kina. Jengo lilitoa ushahidi, kwa kuwa mistari yake inaweza kupimwa na kosa lake huonekana. Maumbile yalibeba kile ambacho kipimo hakikifikii: mwanga, hewa, umbali usio na mwisho. Na wachoraji waliostahili sifa ni wale waliojua mahali hasa ambapo jengo linapaswa kukoma na kuyaachia maumbile yaendelee.

Kanuni ya perspektiva, ufundi wa kuonyesha umbali juu ya ubapa, si ngumu kueleweka. Aliyewahi kupita kando ya mashamba ya mkonge ya Tanga ameiona. Mistari ya mimea, ambayo shambani inakwenda sambamba, machoni husogeleana kadiri inavyokwenda mbali, hadi ikaonekana kukutana mahali pamoja kwenye upeo wa macho. Hapo ndipo nukta ya kutokomea. Mchoraji akishaiweka nukta hiyo kwenye kazi yake, kila mstari unaoondoka kwake kwenda mbali moja kwa moja lazima uelekee pale, na vitu vyenye ukubwa mmoja lazima vipungue kwa hesabu maalumu. Sasa tazama pori lililo ng'ambo ya shamba hilo hilo. Mbuyu unaoonekana mdogo huenda uko mbali, au huenda ni mchanga tu. Kichaka hakina pembe mraba, kijito hakina kingo sambamba, na wingu halina ukubwa unaojulikana. Kanuni haijavunjika porini, bali haina pa kushika. Filippo Brunelleschi, fundi wa Firenze anayehesabiwa kuwa baba wa ufundi huu, alilijua tatizo hilo tangu mwanzo. Mwandishi wa maisha yake, Antonio Manetti, anasimulia kwamba alipochora nyumba ya ubatizo ya mji wao, mapema katika karne ya 15, alilichora kila jiwe kwa uangalifu mkubwa, lakini anga hakuichora. Mahali pa anga alibandika fedha iliyong'arishwa, ili mawingu ya kweli yajiakisi humo yakipelekwa na upepo. Baba wa perspektiva aliiacha mbingu ijichore yenyewe.

Miaka 200 baadaye mgawanyo huo kati ya jengo na anga ulikuwa umekuwa utaratibu wa kazi, tena wakati mwingine kwa mikono miwili tofauti. Mwaka 1621 familia ya Ludovisi, ambayo mmoja wao alikuwa amechaguliwa kuwa Papa Gregori wa 15, iliagiza dari ya chumba katika jumba lao la mapumziko Roma ichorwe. Agostino Tassi, bingwa wa kuchora majengo ya uongo, alipewa kuta na mapambo ya mawe yanayoonekana kupanda juu ya kuta halisi. Mchoraji Guercino akapewa anga, miti na mungu wa mapambazuko anayepita juu kwa gari la farasi. Kuta za Tassi zinapanda, kisha zinakatika kama magofu, na kupitia pale zilipokatika tunaona vilele vya miti na mawingu vinavyotazamwa kutoka chini. Hayo mawe ukiyaondoa kwa mawazo, farasi wa Guercino wanakuwa picha nzuri iliyobandikwa darini. Kwa kulinganisha, Guido Reni alichora mada hiyo hiyo mwaka 1614, pia Roma, bila jengo lolote la uongo kuizunguka. Kazi yake ni nyororo na ya kupendeza, lakini hakuna anayeitazama akadhani kwamba paa limefunguka. Anga ya Guercino haikuchorwa kwa ustadi mkubwa kuliko ya Reni. Inaaminika kwa sababu kuta za Tassi zimeshatuonyesha ilipo.

Tassi alikuwa na mwanafunzi na msaidizi kutoka Lorraine aliyeitwa Claude Gellée, ambaye dunia inamfahamu kama Claude Lorrain. (Tassi ndiye yule aliyehukumiwa mwaka 1612 kwa kumbaka Artemisia Gentileschi, mchoraji kijana aliyekabidhiwa kwake afundishwe perspektiva; ufundi na utu havikukaa nyumba moja.) Claude anatajwa siku zote kama bwana wa mandhari, mtu wa miti na mwanga, na Joachim von Sandrart aliyemfahamu Roma anaeleza jinsi alivyolala mashambani tangu kabla ya alfajiri hadi usiku ili ajifunze rangi za anga. Lakini tusisahau kwamba alitoka kwenye karakana ya mchora majengo. Katika picha yake ya mwaka 1648 inayomwonyesha Malkia wa Sheba akianza safari yake baharini, ambayo sasa imo katika National Gallery ya London, upande wa kulia lipo jumba kubwa lenye ngazi ambazo malkia anazishuka, na upande wa kushoto kuna nguzo za gofu. Mistari ya jumba inamkokota mtazamaji kuelekea upeo wa macho. Inamfikisha hadi ukingo wa maji tu. Kutoka hapo bahari inashika zamu, na mbele kabisa, juu kidogo ya upeo, liko jua lenyewe, limechorwa waziwazi, jambo ambalo wachoraji wachache kabla ya Claude walithubutu kulifanya na kufaulu.

Angalia alivyolipanga jambo hilo. Hesabu ya perspektiva inadai kwamba mistari ikutane mahali fulani, lakini pale inapokutana hapana kitu cha kuchora, maana kwenye nukta ya kutokomea kila kitu kimekuwa kidogo mno. Mchoraji wa majengo matupu hulazimika kupaziba mahali hapo kwa mlango, altare au sanamu. Claude alipaacha wazi, na karibu na uwazi huo akaweka chanzo cha mwanga wote wa picha. Ule udhaifu wa kanuni, kwamba mwisho wake ni utupu, ukawa ndio uzuri wa picha. Bahari nayo imesaidiwa na jumba. Mawimbi madogo yanayopokea jua hayana kipimo, ila kwa kuwa tumeshapima ngazi, nguzo na mashua zilizo kando yake, tunajua kwa hakika ya macho kwamba maji hayo yanakwenda mbali sana.

Mfano mkubwa kuliko yote uko katika Kanisa la Mtakatifu Inyasi wa Loyola, Roma. Andrea Pozzo, aliyezaliwa Trento mwaka 1642, alikuwa bruda wa Shirika la Yesu. Hakuwa padri, bali mtu wa brashi na rula. Kanisa lilikusudiwa kuwa na kuba, na kuba halikujengwa. Mwaka 1685 Pozzo aliziba nafasi hiyo kwa turubai kubwa lililochorwa kuba kwa ndani, lenye nguzo, madirisha na giza linalopanda. Kisha akaichora dari yote ya ukumbi wa kanisa, kazi iliyokamilika mwaka 1694. Kuta za kweli zinapofika mwisho, kuta za rangi zinaendelea, matao juu ya matao, na juu yake paa halipo. Kuna mbingu iliyojaa mawingu, malaika na watakatifu. Kutoka katikati ya mbingu hiyo mwale wa mwanga unashuka hadi kwa Inyasi, na kutoka kwake unagawanyika kuelekea mabara manne yaliyojulikana Ulaya wakati huo, pamoja na Afrika, mwanamke aliyeketi na mamba wake.

Namna alivyoifanya kazi hiyo inaeleza mengi. Dari ya kanisa imejipinda, kwa hiyo mstari ulionyooka ukichorwa juu yake kwa rula utaonekana umepinda kwa aliye chini. Pozzo anaeleza katika kitabu chake cha perspektiva, kilichotoka kwa juzuu mbili mwaka 1693 na 1700, kwamba hutandazwa wavu wa nyuzi pale dari inapoanza kujipinda, kisha miraba yake huhamishiwa juu kutoka mahali pa jicho la mtazamaji, kwa kuvuta uzi au kwa kuweka taa inayotupa kivuli cha nyuzi darini. Kila mraba wa kivuli, japo umeharibika umbo, unaonekana mraba safi kwa aliyesimama mahali pale. Hesabu yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya nguzo na matao. Malaika naye anahitaji kufupishwa kidogo ili aonekane kutoka chini, lakini akikosewa kwa kiasi cha mkono mmoja hakuna atakayelalamika, na wingu lingeweza kuwekwa popote. Ndiyo maana kwenye marumaru ya sakafu kuna duara linaloonyesha mahali pa kusimama. Ukitoka hapo, nguzo zinaanza kuinama kana kwamba jengo litamwangukia mtu, ilhali mawingu yanabaki mawingu.

Wapo waliomkosoa hata wakati huo, na majibu yake yanafaa kusikilizwa. Waliosema kwamba nukta moja haitoshi kwa ukumbi mkubwa, kwamba aweke kadhaa ili watu waone vizuri kutoka sehemu mbalimbali, aliwajibu kwamba nukta nyingi zingeharibu kazi kwa wote, kwani pasingekuwa mahali hata pamoja ambapo jengo lote lingesimama sawasawa. Wasanifu wengine walilalamika kwamba katika kuba lake la uongo nguzo zimekaa juu ya vishikizo vinavyochomoza ukutani, jambo ambalo katika ujenzi wa kweli ni hatari. Pozzo anasimulia kwamba rafiki yake mmoja mchoraji alimaliza ubishi kwa kuahidi kulipa gharama zote siku nguzo hizo zitakapoanguka. Ni utani mzuri, lakini uangalie unavyosema. Watu walikuwa wanalikagua jengo lililochorwa kama wanavyokagua jengo la mawe, na hakuna aliyekwenda kwa Pozzo kulalamika kwamba mawingu yake yamekosewa.

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii linatoka Uholanzi. Kina, atasema mtu, hakihitaji jengo hata kidogo. Tangu Leonardo da Vinci wachoraji walijua kwamba vitu vya mbali hufifia na kuelekea ubuluu, kwa kuwa hewa iliyo katikati inavifunika. Jacob van Ruisdael alichora nchi tambarare ya kwao kwa vivuli vya mawingu na mabaka ya jua tu, na mtu akazitazama picha hizo akapumua. Hilo ni kweli, na nalikubali kwa sehemu. Hewa peke yake inaweza kutuambia kwamba kitu kiko mbali. Haiwezi kutuambia ni mbali kiasi gani. Itazame picha ya Ruisdael ya mji wa Haarlem inayotunzwa Mauritshuis, mjini The Hague. Anga imechukua karibu theluthi mbili za picha. Chini yake, mbele, kuna vitambaa vya kitani vilivyotandazwa ardhini ili viwe vyeupe kwa jua, mistari mieupe inayojipanga kwenda mbali. Kwenye upeo wa macho kuna kitu kidogo chenye pembe: kanisa la Mtakatifu Bavo. Kila mtu wa Haarlem alijua kwamba kanisa hilo ni kubwa mno, na ndiyo maana udogo wake hapa unaipa anga ukubwa wote ilio nao. Ukilifuta kanisa, picha haitaanguka, lakini mbingu itashuka. Kwa hiyo pingamizi linanilazimisha nipunguze dai langu, lakini silifuti: jengo si sharti la kina, ni sharti la kipimo, na wachoraji wa karne ya 17 walikitaka kipimo hata pale walipoonekana kuchora hewa tupu.

Waholanzi hao hao walinionyesha jambo jingine ambalo Waroma hawakulihitaji. Mwaka 1689 Meindert Hobbema alichora barabara ya udongo karibu na kijiji cha Middelharnis, nayo ni picha isiyo na jumba wala safu ya nguzo. Kazi ya nguzo inafanywa na miti. Ni miti mirefu, myembamba, iliyopogolewa hadi imebakiwa na vishungi vidogo vya majani kileleni, imesimama safu mbili kandokando ya barabara na kupungua hadi kwenye nukta iliyo karibu na katikati ya picha. Kulia mtu anahudumia mimea aliyoipanda kwa mistari. Kushoto mnara wa kanisa unatokeza. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba Hobbema alikuwa amechora miti mingine miwili mbele zaidi, karibu na mtazamaji, kisha akaifuta kwa rangi. Nadhani naijua sababu. Miti ile ingekuwa mikubwa mno, ingeziba anga, na anga ndiyo aliyotaka kuifikia. Lakini la kuvutia zaidi ni kwamba miti hii inaweza kutoa ushahidi kwa sababu moja tu: binadamu ameshaipanga na kuipogoa. Ni maumbile yaliyofundishwa kazi ya ujenzi. Nchi nzima ya Uholanzi, pamoja na mitaro yake iliyonyooka na ardhi iliyonyang'anywa maji, ilikuwa imepimwa kabla mchoraji hajafika.

Wafaransa walikwenda mbali zaidi, wakaacha turubai na kuichora ardhi yenyewe. André Le Nôtre, aliyepitia karakana ya mchoraji Simon Vouet kabla ya kuwa mtunza bustani, alipanga bustani ya Vaux-le-Vicomte kati ya mwaka 1656 na 1661 kwa kanuni ya perspektiva iliyogeuzwa. Mabwawa ya mbali yalifanywa makubwa kuliko ya karibu, ili kutoka kwenye jumba yasionekane kupungua. Bustani nzima inaonekana fupi kuliko ilivyo, na mfereji mpana unaoikata kwa kati hauonekani kabisa hadi mtu aufikie. Naitaja hapa kwa kifupi, ingawa ingestahili makala yake, kwa kuwa inathibitisha upande wa pili wa hoja. Ili maumbile yadanganye kwa kipimo, sharti kwanza yapewe kingo zilizonyooka.

Linabaki pingamizi la wale wanaosema kwamba jambo lote hili ni kiini macho cha Ulaya, kwamba jicho la binadamu halisimami mahali pamoja, na kwamba watu wengine walichora milima kwa karne nyingi bila kuhitaji nukta yoyote. Wachina hasa. Katika michoro yao mirefu ya kukunjwa, macho husafiri kutoka bonde hadi kilele, na kila mahali pana mtazamo wake. Pingamizi hili lina haki kwa upande wa maumbile: mlima haudai nukta moja, na aliyeuchora bila nukta hakukosea chochote. Lakini historia yenyewe ina jibu la upande wa pili. Giuseppe Castiglione, bruda wa shirika lile lile la Pozzo, aliwasili China mwaka 1715 na kufanya kazi katika jumba la kifalme Beijing. Kwa msaada wake, afisa mmoja wa serikali aliyeitwa Nian Xiyao alitoa mwaka 1729 kitabu cha Kichina cha perspektiva kilichotegemea kile cha Pozzo, na mwaka 1735 akakitoa upya kikiwa kimepanuliwa. Wachina hawakukichukua ili kuchora milima yao, maana milima walikuwa nayo tayari. Walikichukua kwa ajili ya vyumba, kuta na vitu vyenye pembe.

Na walipoamua kutumia ufundi huo kuonyesha bustani, walichofanya kinanipendeza kuliko dari nyingi za Ulaya. Katika miaka ya 1770, Castiglione akiwa ameshafariki, ukumbi mdogo wa tamthilia wa mfalme Qianlong, ulio ndani ya jengo liitwalo Juanqinzhai, ulifunikwa kuta na dari kwa michoro juu ya hariri, iliyofanywa na mafundi waliorithi mafunzo yake. Ukutani kuna ua wa mianzi wenye mlango wa duara, na nyuma yake bustani yenye ndege aina ya korongo. Darini kuna kichanja cha mianzi kilichotambaliwa na wisteria, mmea wenye vishada vya maua ya zambarau. Kichanja kinatii hesabu, kama tulivyotarajia. Lakini mafundi hawa hawakuyaachia maua uhuru ambao Pozzo aliyaachia mawingu. Vishada vilivyo juu kabisa ya kichwa vimechorwa kama vinavyoonekana kwa chini, karibu mviringo, na kadiri vinavyosogea pembeni vinarefuka na kuning'inia, kila kimoja kwa kiasi chake. Hakuna mtazamaji ambaye angewadai usahihi huo, kwa kuwa hakuna anayejua kishada cha maua kinapaswa kuwa na urefu gani. Waliutoa hata hivyo, kishada baada ya kishada, na maua yakafanya kazi ambayo Roma ilidhani ni ya nguzo peke yake.